Ghala, kandambili na nywele za katani: shajara ya mradi, Tanga 2024

6 Januari 2024

Naandika shajara hii kwa ajili ya yeyote atakayetaka kufanya kazi kama hii katika mji wa kiasi cha Tanga, ambako mchezaji anayejaribu jambo jipya hulazimika kufanya mazoezi sebuleni kwa shangazi yake baada ya kusogeza makochi ukutani. Tuna wasanii sita, wanne wachezaji na wawili waigizaji, na tumekubaliana kufanya kazi kwa miezi minane ili mwishoni kila mmoja awe na kipande chake kilichokamilika. Wanaume wawili kati yao hucheza wakiwa wamevaa dera na nywele za bandia, na mwanamke mmoja hucheza kwa kanzu na ndevu za kubandika. Sanaa hii ya kujigeuza kwa mavazi, ambayo kule inakofanywa waziwazi huitwa dragi, wao wameifikia kila mmoja kwa njia yake: mmoja kupitia vichekesho vya harusini, mwingine kupitia taarabu, na wa tatu, kwa maneno yake mwenyewe, kupitia kioo cha kabati la mama yake.

Baadhi yao hupenda watu wa jinsia yao, au hawaishi kwa jinsia waliyoitwa nayo walipozaliwa. Wengine sivyo, na mradi haumuulizi mtu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30 kwa tendo la ngono kinacholiita kinyume cha maumbile, wala hakisemi lolote juu ya dera na kanzu, lakini mtaani hakuna anayefungua kitabu cha sheria kabla ya kuokota jiwe. Kwa hiyo humu hamna jina la mtu, mtaa wa mtu wala picha ya mtu, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha msanii nimeyabadilisha kwa makusudi.

Fedha tulizonazo ni shilingi 3,600,000, yaani mchango wa marafiki tisa pamoja na akiba yangu. Nimezigawa hivi: kodi ya ghala 640,000 kwa miezi minane, mavazi 1,000,000, taa za kukodi 760,000, posho 900,000 na chakula 300,000. Naacha mgawanyo huu ulivyo, bila kuurekebisha baadaye, kwa sababu karibu kila kosa lililofuata limo ndani yake.

27 Januari

Ghala limepatikana. Ni la familia, lilikuwa likihifadhi makumbi ya nazi, lina kuta nene, madirisha madogo ya juu na mlango mmoja unaofungwa kwa ndani. Mlango huo ndio ulionifanya nilichukue, ingawa bati linavuja pembe moja.

Kibali kimetuchukua muda kuliko nilivyotarajia. Barua yangu ya kwanza ilisema tunaandaa onyesho la densi na maigizo ya majaribio. Karani katika ofisi tuliyoelekezwa aliisoma mara mbili, akaniuliza kwa adabu ni majaribio ya nini, na kama ni ya dawa. Nikamweleza kwamba ni ya sanaa. Akauliza basi ni ngoma ya kabila gani, kwa kuwa fomu ina nafasi ya kabila, nami sikuwa na la kuandika. Barua ikarudi.

Barua ya pili niliiandika kwa namna nyingine kabisa. Sikueleza falsafa yetu, nilieleza kitakachoonekana: watu sita, dakika 50, muziki wa spika moja, wanaume wawili watavaa mavazi ya kike na mwanamke mmoja mavazi ya kiume, hakuna atakayevua nguo, watazamaji ni waalikwa watu wazima. Nikaongeza aya moja kuhusu mapiko ya Wamakonde, ambamo mchezaji mwanamume huvaa kinyago cha mwili chenye matiti na tumbo la mja mzito, akacheza mbele ya kijiji kizima, na hakuna anayedhani kwamba anamdanganya mtu. Aya hiyo ndiyo iliyofanya kazi. Afisa aliyetupokea mara ya pili alikuwa amewahi kuishi Newala, akatabasamu, akasema anayajua mapiko, na mazungumzo yakawa mepesi. Siku hizi nawashauri wenzangu wasitumie neno majaribio kwenye fomu yoyote. Waandike tu kile ambacho jicho litakiona, na wakiandike chote, kwa sababu kibali kilichopatikana kwa kuficha ni karatasi tu siku mtu atakapogonga mlango.

24 Februari

Sakafu ya ghala ni ya saruji, na saruji huua magoti. Baada ya wiki mbili mchezaji wetu mkubwa kwa umri alianza kushuka ngazi kinyumenyume.

Hapa niliponzwa na habari niliyoipenda mno. Germaine Acogny, anayeitwa mama wa densi ya kisasa ya Afrika, ana shule kijijini Toubab Dialaw huko Senegali, na katika shule hiyo wanafunzi hucheza juu ya mchanga. Nikasema, nasi tuko pwani, mchanga tunao. Nikanunua mchanga wa kirikuu moja, kile kigari kidogo cha mizigo, kwa shilingi 60,000, tukaumwaga ndani kwa kina cha kiganja, tukajipongeza.

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri sana. Siku ya tatu watu wawili walikuwa wamekatwa nyayo na vipande vya kombe. Tukauchekecha kwa chandarua kuukuu, kazi ya siku mbili. Kisha ikaja chumvi: mchanga wenye chumvi hunyonya unyevu wa hewa, na ndani ya ghala lisilopitisha upepo haukauki kamwe, ukawa unashika miguuni kama unga uliokandwa, na harufu ya pwani ikaingia kwenye mavazi. Tumeuzoa wote na kuujaza kwenye ndoo na magunia nyuma ya ghala. Kwenye hesabu nimeuandika chini ya sakafu, ingawa ungeweza kuandikwa chini ya ujinga wangu.

9 Machi

Sakafu mpya imekamilika kabla ya mwezi wa Ramadhani, na naieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo sehemu ya mradi huu inayoweza kunakiliwa na mtu yeyote.

Sakafu ya densi inatakiwa ibonyee kidogo mguu unapotua kisha irudi. Kinachobonyea, kwetu, ni soli za kandambili. Maji yanapokupwa pwani yetu huacha kandambili nyingi kuliko samaki, na watoto wa jirani waliziokota 80, nami nikawalipa shilingi 100 kwa kila moja. Tuliziosha, tukazikata kila moja vipande vinne, tukapanga vipande 289 sakafuni, kila kimoja umbali wa futi moja kutoka kwa mwenzake, katika mraba wa futi 16 kwa 16. Juu yake tukalaza plaiwudi nane za milimita 12, na juu ya hizo nane nyingine zikiwa zimegeuzwa upande, ili maungio ya tabaka la juu yasikutane na ya chini. Plaiwudi 16 kwa shilingi 42,000 ni 672,000, na fundi wa siku moja pamoja na skrubu ni 30,000.

Tulikosea mambo mawili. Kwanza, tulipanga vipande vyembamba na vinene pamoja bila kuvitenga, sakafu ikawa na mabonde. Ilibidi tuinue tabaka lote, tupange vinene katikati na vyembamba pembeni. Pili, tulipiga misumari, na misumari huchomoza baada ya siku chache za watu kuruka. Tumia skrubu, zizamishe, kisha piga msasa.

Fedha ya sakafu haikuwemo katika mgawanyo wa Januari. Imetoka kwenye taa.

20 Aprili

Ramadhani ilianza siku chache baada ya sakafu kukamilika, tukasimamisha mazoezi ya jioni na kubakiza mazungumzo tu baada ya tarawehe kwa waliotaka. Tumeanza tena baada ya Idi, mara tatu kwa wiki, kuanzia saa mbili usiku, kwa sababu mchana wote wana kazi zao: saluni, bodaboda, duka la vitenge, ualimu wa chekechea.

Wiki ya kwanza tu baada ya Idi mmoja wa wachezaji wetu alizingirwa na vijana njiani akirudi nyumbani saa nne unusu. Hakuwa amevaa dera. Alikuwa na suruali na fulana, lakini wanja ulikuwa haujatoka vizuri machoni. Walimchania begi, wakamwacha. Kesho yake alifika mazoezini kama kawaida, akiwa amelishona begi kwa uzi mwekundu, na hakusema lolote mpaka nilipouliza.

Nilirudi nyumbani nikalitazama tena lile daftari la mgawanyo. Milioni moja ya mavazi, laki saba na ushee za taa, na hakuna hata shilingi ya kumfikisha msanii kwao. Tangu siku hiyo tuna bajaji mbili za madereva wawili tunaowafahamu, ambazo huwachukua watu mlangoni na kumshusha kila mmoja mlangoni kwake, kwa shilingi 10,000 kwa usiku mmoja. Tumeweka pia beseni, kioo na mafuta ya nazi karibu na mlango, kwa sababu wanja hautoki kwa sabuni, hutoka kwa mafuta. Hakuna anayetoka kabla mwenzake hajamkagua uso kwa tochi.

18 Mei

Kimbunga Hidaya kilipotangazwa mwanzoni mwa mwezi hatukufanya mazoezi kwa siku nne, na mvua iliyofuata ililivujisha bati kwa namna ambayo ilitulazimu kuhamisha plaiwudi mbili. Muda huo nimeutumia kwenye nywele.

Nywele za bandia za dukani zinazofaa jukwaani ni ghali, nyepesi mno, na zote zinafanana. Tanga ina katani. Mkonge uliletwa hapa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ambaye kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, 62 tu ilifika ikiwa hai, na katika miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo. Kutengeneza nywele kwa nyuzi zilezile ambazo babu zetu walizikatia mkonge kwa kandarasi kulinivutia kuliko kununua plastiki. Nyuzi fupi zinazoachwa kwenye korona, yaani mashine ya kuchambulia mkonge, hupatikana kwa bei ndogo sana ukimjua mtu.

Nywele za kwanza zilikuwa na uzito wa karibu kilo moja, na zilipolowa jasho zilizidi. Mchezaji alizungusha kichwa mara tatu, shingo ikakaza kwa siku mbili. Fundi wetu, dada anayesuka na kupamba maharusi, akaanza kuchana nyuzi kwa kitana cha chuma mpaka zikabaki nyembamba, akaondoa zaidi ya nusu. Sasa zina uzito wa gramu 350.

Rangi ndiyo iliyotuumbua. Tulitumia rangi za ukili, zile zile wanazochemshia miyaa ya mikeka, tukachemsha nyekundu kwa dakika kumi kwa haraka. Katika zoezi la kwanza jasho liliishusha rangi yote usoni na kwenye kanzu nyeupe ya mwenzake, ikawa kama machinjioni. Bibi mmoja anayesuka mikeka alituambia kosa letu bila hata kuangalia: tumechemsha muda mfupi na hatukutia ndimu. Sasa tunachemsha saa nzima kwa ndimu na chumvi, tunaacha zipoe ndani ya maji hayohayo, kisha tunasuuza mpaka maji yawe meupe, mara saba au nane.

Katani huwasha. Jaribio la kuzilainisha kwa mafuta ya nazi lilionekana kufaulu mpaka asubuhi, tulipokuta sisimizi wamejipanga kutoka dirishani hadi ndani ya sanduku, na ndani ya wiki harufu ilichacha. Tuliosha zote upya kwa maji yenye dawa ya kulainishia nguo, tukaanika kivulini, na kofia ya ndani tukaishona kwa kanga iliyochakaa, kwa sababu kanga mpya ina ugumu wa dukani na huteleza. Mtu aliyevaa kwa saa moja nzima alisema amesahau kwamba anazo. Sijapata sifa kubwa kuliko hiyo mwaka huu.

22 Juni

Hili ndilo kosa ambalo sikuweza kulirekebisha.

Tarehe 8 tulifungua mazoezi kwa wageni kumi ili wasanii wazoee macho ya watu. Niliwaomba wageni wasipige picha, wote wakaitikia. Mmoja alipiga, naamini bila nia mbaya, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la watu watano akisifu nywele za katani. Jioni ya pili ilikuwa imefika kwa kaka wa mchezaji wetu mmoja.

Mchezaji huyo hakurudi kwao kwa siku kumi na moja. Alilala kwa wenzake kwa zamu, tukamnunulia dawa alipougua, na saluni alikokuwa akifanya kazi walimwambia apumzike kwanza, maneno ambayo kila mtu anayajua maana yake. Tarehe 20 alipanda basi la Dar es Salaam. Aliponiaga alinikabidhi dera lake likiwa limekunjwa vizuri, akaniambia, “Kaka, mpe atakayelicheza, usiliweke kabatini.” Posho yake ataendelea kuipata mpaka mwisho wa mradi. Ni jambo dogo mno kulinganisha na alichokipoteza, na sijui kulisema vingine.

Nilichobadilisha ni hiki. Kuomba watu wasipige picha ni kuwategemea, na mimi sina haki ya kumtegemea mgeni kwa gharama ya mtu mwingine. Sasa kila simu, yangu ikiwa ya kwanza, inazimwa na kuingia kwenye mfuko wa kitambaa wenye namba, mifuko inaning'inia kwenye misumari nyuma ya mlango, na mwenye simu anabaki na namba yake. Mgeni haalikwi na mimi. Anaalikwa na msanii mmoja anayemdhamini mbele ya wenzake, na msanii yeyote anaweza kulikataa jina bila kutoa sababu. Na kila msanii amejaza karatasi ya kuchagua: asipigwe picha kabisa, apigwe akiwa amefunikwa uso, au apigwe na kuonyeshwa. Anaweza kubadilisha jibu hata dakika tano kabla ya kupanda. Wote watano walichagua la kwanza. Ndiyo maana shajara hii haina picha, hata ya sakafu.

13 Julai

Bibi wa mikeka amekuwa mmoja wetu kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Alikuja kuona kama ndimu imefanya kazi, akakaa kwenye gunia la mchanga, akatazama zoezi zima. Mwishoni akatuambia wachezaji wote wana haraka.

Yeye aliletwa Tanga na ndoa akitokea Mombasa, ambako mama yake alicheza lelemama, ngoma ya wanawake. Vyama vya lelemama vya Mombasa vilishindana vikali kwa nyimbo na kwa mavazi, na kwenye maandamano yao wanawake walivaa sare za maafisa wa kiume, kwa kufuata mfano wa beni, zile ngoma za gwaride za akina Marini na Arinoti ambazo Tanga nayo ilizicheza sana enzi za wakoloni. Juma lililofuata Bibi alileta koti ndani ya mfuko wa rambo. Ni la rangi ya buluu iliyokwenda kijivu, lina mabega ya kuwekewa pamba, na vifungo sita vya shaba vyenye nanga, kimoja kikiwa kimeshonwa kwa uzi wa nailoni ya kuvulia. Nondo wamelila kwapani. Lilikuwa la mama yake.

“Mama alikuwa akilivaa hili mchana kweupe, wanaume wakampisha njia,” alisema. Mwenzetu wa kanzu akamwuliza kama anaweza kulijaribu. Bibi akamtazama toka juu hadi chini, akasema, “Njoo shoga yangu, lakini mkono unyooshe kwanza, utalichana.”

Katika mwambao wetu wanawake wakubwa huitana shoga bila kufikiri, ni rafiki tu, na neno hilohilo likimwangukia mwanamume huwa tusi. Bibi alimwita hivyo kila mtu ghalani, wanawake kwa wanaume, kwa sauti ileile. Mchezaji wetu wa dera, aliyechaniwa begi mwezi wa nne, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akabaki ameinamisha kichwa kwa muda mrefu kidogo, na hakuna aliyemwuliza.

Niliwasimulia habari za Kazuo Ohno, Mjapani aliyemwona mchezaji wa Kihispania Antonia Mercé jukwaani mjini Tokyo mwaka 1929, akakaa naye moyoni karibu miaka hamsini, na mwaka 1977, akiwa na miaka 71, akavaa gauni na kumcheza. Bibi akasikiliza, akauliza alikuwa na magoti ya namna gani. Kisha akasema kama mzee huyo aliweza, yeye atatembea. Hatacheza, atatembea tu.

27 Julai

Fedha ya taa iliishia kwenye sakafu na bajaji. Kilichobaki hakitoshi kukodi taa wala jenereta, na umeme mwezi huu umekatika mara tatu wakati wa mazoezi.

Suluhisho lilitoka kwa wavuvi. Wavuvi wa dagaa huenda na taa usiku wa giza, na mwezi unapokuwa mpevu hukaa nchi kavu kwa sababu samaki hawafuati taa baharini kukiwa kweupe. Wengi wamehamia taa za betri, lakini wapo wenye karabai bado, na wakati wa mbalamwezi karabai hizo hukaa bure. Nilikodi sita kwa shilingi 15,000 kila moja kwa usiku. Tumehamisha tarehe ya onyesho hadi 17 Agosti, siku mbili kabla ya mwezi kujaa, kwa sababu hii moja.

Tuliijaribu moja iliyoazimwa Jumamosi iliyopita. Mwanga wake ni mweupe mkali, kivuli cha mchezaji hupanda ukutani kikubwa kuliko yeye, na ile sauti yake ya kunong'ona inafanya muziki mdogo utoshe. Lakini cheche moja iliruka ilipokuwa ikipampiwa, ikatua kwenye ncha ya nywele za katani zilizokuwa zimetundikwa jirani. Katani kavu huwaka kama njiti. Fundi alizivuta chini na kuzikanyaga, tukapoteza nywele za shilingi 30,000 na sentimita chache za nyusi zake. Karabai sasa hukaa mita mbili nje ya plaiwudi, hupampiwa nje ya ghala, na pembeni ya kila moja ipo ndoo ya mchanga. Ule wa pwani. Umepata kazi.

18 Agosti

Onyesho lilifanyika jana usiku. Tulialika 40, wakaja 34, hatukuuza tiketi. Mjumbe wetu wa mtaa tulimwalika kwa barua, akaja na mkewe, akatoa simu yake mlangoni bila kubishana, akaomba namba saba.

Yaliyokwenda vibaya: kipande cha pili kilizidi kwa dakika tisa kwa sababu mchezaji hakumsikia mwenzake wa spika, ubao wa pembe ya mlango ulilia kila ulipokanyagwa, na jasho lilifanya plaiwudi iteleze hata mtu akaanguka kwa goti. Aliinuka akaanguka tena mara mbili kwa makusudi, mahali palepale, mpaka watazamaji wakaamini ndivyo kilivyotungwa. Baada ya hapo tulipangusa sakafu kwa kitambaa kikavu kati ya vipande, jambo ambalo lingefaa kufanyika tangu mwanzo.

Dera la mwenzetu wa Dar es Salaam lilichezwa. Alilicheza mwenye kanzu, akilivaa juu ya kanzu yake.

Bibi alitoka mwisho. Alivaa koti la mama yake juu ya kanga, akatembea kutoka pembe moja hadi pembe ya pili ya plaiwudi, futi chache tu, akachukua dakika sita. Karabai mbili tu ndizo zilizokuwa zinawaka. Kivuli chake kilikuwa na mabega ya askari. Katikati alisimama, akapumzika, akakohoa, akaendelea.

Mjumbe alibaki baada ya watu kuondoka. Nilikuwa nimeandaa majibu yangu na kibali kikiwa mfukoni. Akauliza karabai tumekodi kwa nani, maana zake mbili ziko darini hazina kazi.

1 Septemba

Hesabu za mwisho. Kodi 640,000. Sakafu, pamoja na mchanga, 770,000. Mavazi na nywele 410,000, chini ya nusu ya nilichopanga, kwa sababu ya katani. Taa 180,000, karabai sita kwa usiku wa zoezi la mwisho na usiku wa onyesho. Posho 900,000 kwa watu sita. Chakula 350,000. Bajaji 520,000 kwa usiku 52. Dawa na matibabu 65,000. Kibali, makaratasi na nauli za kufuatilia 85,000. Jumla ni shilingi 3,920,000, yaani pengo la 320,000. Nywele sita za katani tumewauzia wapamba maharusi na kikundi kimoja cha vichekesho kwa 40,000 kila moja, tukapata 240,000, na 80,000 zilizobaki nimelipa mimi.

Posho ndiyo inayoniumiza ninapoisoma: shilingi 150,000 kwa mtu kwa miezi minane. Nikirudia mradi huu nitachukua wasanii watatu badala ya sita, na mstari wa kwanza wa daftari utakuwa nauli ya usiku.

Jana tuliifungua sakafu. Plaiwudi zimeandikwa namba kwa chaki nyuma, 1 hadi 8 kwa tabaka la chini na 9 hadi 16 kwa la juu, na vipande vya kandambili vimo ndani ya magunia mawili, vinene na vyembamba mbalimbali. Mwenye ghala ameturuhusu kuviacha mpaka mwisho wa mwaka, na anayevihitaji kwa mazoezi ya densi ataazimwa bila malipo iwapo atakuja na kirikuu yake.

Bibi alikuwa amekagua koti lake nyumbani na kukuta vifungo vitano. Alituma mjukuu wake mara mbili. Tulikiona kifungo cha sita chini ya ubao mmoja wa tabaka la chini, kimeingia katikati ya soli mbili, nanga ikitazama juu, uzi wa nailoni ukiwa bado umening'inia.